Majira ya baridi "makali" ni yapi?

Tunaposoma kwamba majira fulani ya baridi huko Ulaya yalikuwa "makali", sisi wanafunzi wa lugha tuna haki ya kuuliza: makali kwa kipimo gani? Nchini Uingereza wako wapenzi wa hali ya hewa wanaobishana juu ya neno hilo kila mwaka. Nimefuatilia hoja zao, na naona zinatuhusu.

Kwanza huweka mipaka: majira huanza tarehe 1 Desemba na kwisha mwishoni mwa Februari. Kisha hutazama wastani wa joto. Kwa sehemu ya kati ya nchi hiyo kuna orodha ya wastani wa kila mwezi tangu 1659. Kwa orodha hiyo, majira ya 1962–63 yalifikia nyuzi 0.3 chini ya sifuri, na yale ya 1946–47 nyuzi 1.1 juu ya sifuri. Mtu atasema basi kesi imekwisha.

Haijaisha, kwa sababu theluji ina hesabu yake. Hupimwa kina chake, na huhesabiwa siku ambazo saa 3 asubuhi zaidi ya nusu ya ardhi imefunikwa. Mwaka 1947, tangu 22 Januari hadi 17 Machi, kila siku theluji ilianguka mahali fulani nchini. Makaa ya mawe yalikwama njiani, umeme ukakatwa, viwanda vikasimama. Lakini Machi iko nje ya mipaka, kwa hiyo wastani wa majira hauioni.

Wastani huficha jambo jingine pia. Desemba 2010 ilikuwa nyuzi 0.7 chini ya sifuri, lakini Februari iliyofuata ilifika 6.4. Ukijumlisha miezi mitatu na kuigawanya, unapata majira ya nyuzi 3.1, yasiyotisha mtu.

Kwa maoni yangu, mabishano hayo hayatokani na vipimajoto. Yanatokana na neno moja linalobeba mambo matatu: ubaridi, theluji na muda. "Kali" letu nalo hubeba yote hayo. Kwa hiyo mfasiri asiliandike kabla ya kujua ni lipi linalosemwa. Wala asikimbilie "kipupwe": kipupwe cha pwani hakijawahi kusimamisha treni ya makaa.