Akiba ya Uzeeni: Mume na Mke, Kila Mtu kwa Jina Lake

Wakulima wa Madogo, Bura na Hola, hakuna haja ya kuwafundisha kuweka mbegu. Kila mmoja wenu ajua ya kuwa mwenye kula mahindi yote hana la kupanda msimu ujao. Lakini iko mbegu nyingine ambayo wengi hawaiweki, nayo ni akiba ya uzeeni. Na wanaoikosa zaidi ni akina mama.

Tazameni skimu ya Bura. Wakulima wa kwanza walifika huko mapema katika miaka ya 1980 ili kulima pamba. Aliyekuja akiwa kijana wa miaka 25 sasa amepita miaka 60. Alifanya kazi kwa bidii, lakini hakuwa mwajiriwa wa mtu, na kwa hiyo hakuna mwajiri aliyemwekea hata senti moja ya uzeeni.

HAZINA YA WAFANYAKAZI

Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni, yaani NSSF, iliundwa mwaka 1965. Kwa sheria ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Februari 2023, mfanyakazi hukatwa asilimia 6 ya mshahara, mpaka kiwango kilichowekwa, na mwajiri huongeza kiasi kile kile kutoka mfukoni mwake. Mtu alipwaye shilingi 10,000 kwa mwezi hutoa 600, na mwajiri 600. Kwa mwaka mzima ni shilingi 14,400, mbali na faida.

Sheria haibagui mwanamume na mwanamke. Mama apikaye shuleni ana haki sawa na dereva au mlinzi. Mwajiri mwenye mfanyakazi hata mmoja yampasa kumwandikisha. Ukiwa umeajiriwa, usitosheke na kukatwa tu. Uliza katika ofisi ya Hazina kama fedha zako zimefika. Na wewe mkulima uliyemwajiri mchungaji wa kudumu, kumbuka kwamba wewe nawe ni mwajiri.

ASIYE NA MWAJIRI

Mama wa shambani hupalilia, humwagilia maji, huvuna maembe na nyanya, kisha huvuka daraja kwenda kuuza Garissa. Hiyo ni kazi, ingawa haina mshahara. Mume wake akiwa ameajiriwa, wengi hudhani jina la mume latosha. Sivyo. Akiba ile ni ya mume, na mke hatapokea malipo ya uzeeni kwa jina lake mwenyewe asipojiunga.

Mlango u wazi. Ajifanyiaye kazi aweza kujiunga na Hazina kwa hiari, katika mpango uitwao Haba Haba, kwa kuweka kuanzia shilingi 25 kwa siku kwa njia ya simu. Akiweka 25 kila siku, mwisho wa mwaka ana 9,125. Kabla ya hapo, mwaka 2011, ulianzishwa mpango wa Mbao kwa ajili ya watu wa jua kali, shilingi 20 kwa siku.

Wengine husema, "Akiba yangu ni mbuzi." Mbuzi ni mali, lakini ukame wa mwaka 2022 uliangamiza mifugo mingi. Wengine huficha fedha nyumbani. Aprili 2024 Mto Tana ulifurika, barabara ya Garissa na Madogo ikakatika, na watu wakahama na kile tu walichoweza kubeba. Wengine hungojea Inua Jamii. Hiyo ni shilingi 2,000 kwa mwezi, tena kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Je, kati ya miaka 60 na 70 utakula nini?

FANYENI HIVI

1. Mume na mke, kila mmoja ajiandikishe kwa kitambulisho chake.
2. Tajeni majina ya watakaopokea fedha mkifariki. Msiwaachie watoto ugomvi.
3. Wekeni kidogo baada ya kila mauzo, kabla fedha hazijafika dukani.
4. Angalieni hesabu zenu mara kwa mara.

Jioni ya leo, ketini pamoja mpige hesabu. Atakayebaki peke yake uzeeni huenda akawa mama, kwani wanawake huishi zaidi kuliko wanaume. Basi asibaki mikono mitupu.