Khabari ya Barafu ya Kilimanjaro na Njaa ya Zama za Nabii Yusuf (A.S.)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Hapa Malangali, katika uwanda wa Ufipa, mvua zikichelewa na mahindi yakaanza kunyauka, misikitini hutajwa sana njaa ya zama za Nabii Yusuf (A.S.). Siku hizi yameongezwa maneno kwamba wataalamu wameikuta njaa hiyo ndani ya barafu ya Kilimanjaro. Tumeulizwa: je, khatibu aitaje khabari hii juu ya mimbari kuwa ni ushahidi wa Qur'ani?

Tuitazame kwanza khabari yenyewe. Mwaka 2000 wataalamu wakiongozwa na Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walipiga kambi juu ya mlima, zaidi ya mita 5,700 kutoka usawa wa bahari. Wakaitoboa barafu kwa mtambo wenye keekee iliyo wazi katikati, wakatoa miche sita (mithili ya mche wa sabuni, ila ya mviringo), mirefu zaidi ikiwa ya mita 50 hivi. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hufunga ndani yake vumbi la siku zake. Kazi ya namna hii hufanywa zaidi katika bara la barafu la kusini ya dunia, ambako kambi ya Dome C ilifikia kina cha mita 3,270 na barafu ya miaka 800,000.

Mwaka 2002 walitangaza kuwa barafu ya chini kabisa ya Kilimanjaro ina miaka 11,700 hivi, na kwamba ulipita ukame mkubwa mara tatu: miaka 8,300, 5,200 na 4,000 iliyopita. Huo wa mwisho ulidumu kiasi cha miaka 300, na alama yake ni tabaka la vumbi la milimita 30 hivi.

Wako wanaoikataa khabari hii kwa kuwa walioileta si Waislamu. Hoja hii ni dhaifu. Mtume (S.A.W.) katika Hijra alimwajiri Abdullah bin Urayqit kuwa kiongozi wa njia, naye alikuwa bado katika dini ya Makureshi. Wengine wanaogopa hesabu ya miaka. At-Tabari aliufanya umri wa dunia kuwa miaka 7,000, lakini Ibn Hazm alikataa kuuwekea idadi maalumu, na kauli yake ndiyo yenye nguvu, kwani Qur'ani haikutaja idadi.

Linalotupasa ni kupima sanadi. Tabaka za Kilimanjaro hazihesabiki mwaka kwa mwaka hadi chini. Umri wake ulikadiriwa, kwa sehemu, kwa kuzilinganisha na mawe ya pango la Soreq, magharibi ya Baytul Maqdis, kama vile muhaddithina wanavyotafuta shahidi kwa riwaya. Tena wapo wataalamu waliosema kuwa huenda barafu hiyo iliwahi kuyeyuka na kujengeka upya. Ikiwa hivyo, sanadi ina inqitaa. Basi hii ni khabari ya dhana yenye nguvu, si ya yakini.

Ama kuiunganisha na Nabii Yusuf (A.S.), hapana. Surat Yusuf imetaja miaka saba ya mavuno, saba ya shida, kisha mwaka wa mvua. Barafu inazungumzia miaka 300. Wala Qur'ani haikutaja tarehe. Mwenye kulazimisha viwili hivi vikutane ameiongezea Aya jambo lisilokuwamo, na siku wataalamu wakibadili hesabu yao, mwenye imani changa atadhani ni Qur'ani iliyokosea. Khatibu autaje ukame huo kuwa ni ukame, katika mawaidha ya Swalatul Istisqaa au penginepo, asiupe jina la njaa ya Misri.

Wataalamu hao hao walikadiria kuwa barafu ya Kilimanjaro ingetoweka baina ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na mabaki yake yangaliko, ingawa yanazidi kupungua. Kukadiria huku si kudai elimu ya ghaibu. Ni hesabu iliyojengwa juu ya kilichoonekana, mfano wa mkulima anayetazama mawingu.

Wallahu a'lam.