Fahamu: Athari ya vyeti vya madini hupimwaje?
Cheti cha uchimbaji unaowajibika huthibitisha kwamba madini hayakufadhili vita wala kutumikisha watoto. Katika Maziwa Makuu msingi wake ni utaratibu wa Mkutano wa Kimataifa wa Eneo la Maziwa Makuu (ICGLR), jumuiya yenye makao yake Bujumbura, ulioidhinishwa na wakuu wa nchi mjini Lusaka Desemba 2010. Mwaka 2014 mpango wa iTSCi, unaofunga lebo zenye namba kwenye magunia ya madini ya bati, tantalumu na tungsteni, ulianza Burundi.

Kuhesabu lebo ni rahisi, lakini lebo haisemi kama mchimbaji analipwa vizuri au kama mashimo yameacha kuporomoka. Kupima athari hasa kunataka takwimu za kabla ya mpango, kisha kulinganisha machimbo yenye cheti na yasiyo nacho: bei anayopewa mchimbaji, ajali, watoto walioko darasani.

Hapo eneo la Muyinga, nchini Burundi, lina uzito wa pekee. Dhahabu ya eneo hilo imo katika utaratibu wa ICGLR, lakini lebo za iTSCi haziigusi, na chembe zake hufichika mfukoni hadi ng'ambo ya mpaka. Ofisi za Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, zikitazama madini yenye lebo tu, wachimbaji wa dhahabu hiyo hawataonekana kabisa.