Uhuru wa Mtu na Mpaka Wake

"Mwili ni wangu, mali ni yangu, nani wa kuniuliza?" Maneno haya twayasikia majumbani, na aghlabu husemwa kwa jina la uhuru. Basi yafaa tuwatazame wale waliouandikia uhuru wa mtu vitabu, tuone wao wenyewe waliuwekea mpaka gani.

Mwingereza John Stuart Mill alitoa kitabu chake juu ya uhuru mwaka 1859. Shina la hoja yake ni hili: serikali na jamii hazina haki ya kumlazimisha mtu ila kwa kuzuia madhara kwa wengine. Robert Nozick wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1974, alishika njia ya haki: nafsi ya mtu ni yake, na mali aliyoipata kwa haki ni yake, kazi ya dola ni kuwalinda watu na jeuri, wizi na udanganyifu, na kusimamia mikataba, basi.

Walakini uhuru huo si ruhusa ya kila jambo. Kwanza, Mill alisema wazi kuwa kanuni yake ni ya watu wazima. Watoto wangali chini ya ulinzi wa wakubwa wao. Pili, mtu akifuja mali yake hata akashindwa kuwalisha na kuwasomesha wanawe, astahili lawama, na hata adhabu yaweza kuwa haki: si kwa ufujaji wake, bali kwa kuvunja wajibu wake kwao. Tatu, na hili ndilo lisahauliwalo, kukatazwa kulazimisha si kukatazwa kunasihi. Mill aona ni vyema tumwonye mwenzetu, tujadiliane naye, tumsihi. Alichokataa ni kumshurutisha.

Lipo tena swali zito zaidi. Je, mtu huru aweza kuuza uhuru wake, akawa mtumwa kwa hiari yake? Mill alijibu hapana, kwani kuutupa uhuru si uhuru. Nozick aliona kuwa mfumo ulio huru humruhusu. Murray Rothbard, katika kitabu chake cha mwaka 1982, alikataa, kwa kuwa nia ya mtu haitengani naye hata akabidhiwe mwingine. Hivyo, hata kwa watetezi hao wakubwa, "nimeridhia mwenyewe" halikuwa neno la mwisho kwa wote.

Sisi tuuonao mwili kuwa ni amana tutaachana nao katika mengi. Lakini kijana asemaye "ni uhuru wangu" na ajiulize: nani ataumia, na nani nina wajibu kwake? Na mzazi naye akumbuke kuwa mwanawe akishakuwa mtu mzima, nasaha njema hufika pale fimbo isipofika.