Mazishi salama Beni na Butembo: nani afanye kazi gani, na abebe nini

Timu ya mazishi salama na ya heshima ni kikundi kidogo cha watu waliofunzwa kumzika aliyekufa kwa Ebola, au anayeshukiwa kufa kwa ugonjwa huo. Ina wajibu wa aina mbili: kuzuia virusi visimpate mtu mwingine, na kuhakikisha familia haikosi kumuaga mpendwa wao. Wakazi wa Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walizifahamu timu hizi kwa karibu katika mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, baada ya wagonjwa kugunduliwa Mangina, magharibi mwa mji wa Beni. Mlipuko huo ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Duniani kote, ni ule wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016 peke yake ulioupita kwa ukubwa. Kazi ya kuzika ilibebwa zaidi na watu wanaojitolea wa Msalaba Mwekundu wa Kongo, pamoja na vikosi vya Ulinzi wa Raia.

Sababu ya kuunda timu maalumu iko katika ugonjwa wenyewe. Mgonjwa wa Ebola huwa na virusi vingi kadiri hali yake inavyozidi kuwa mbaya, na anapokata roho ndipo virusi vinapokuwa vimejaa mwilini. Damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya maiti huweza kuambukiza kwa siku kadhaa. Wakati huohuo, desturi za msiba huwataka ndugu wauguse mwili: kuuosha, kuuvika, kuulilia kwa karibu, na mara nyingi kuusafirisha hadi kijiji cha ukoo. Utafiti uliofanywa baada ya mlipuko wa Afrika Magharibi ulikadiria kwamba kila maziko yasiyo salama yalizaa wagonjwa wapya zaidi ya wawili kwa wastani, na kwamba timu za Msalaba Mwekundu huko ziliepusha maambukizi kati ya 1,411 na 10,452.

Kazi za kila mtu

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mwaka 2014 na kurekebishwa 2017, unagawa kazi ya mazishi katika hatua 12. Hatua ya kwanza hufanyika kabla gari halijawashwa: kupanga watu na kuandaa dawa. Kila mmoja hujua nafasi yake tangu kituoni, kwa sababu mbele ya waombolezaji hakuna nafasi ya kuulizana nani ashike nini.

Kiini cha timu ni wabebaji wanne. Hao ndio wanaovaa mavazi kamili ya kinga, wanaingia chumbani, wanauweka mwili katika mfuko na kuubeba. Idadi hiyo inatokana na uzito wa kazi: maiti ya mtu mzima hainyanyuki vizuri kwa mikono miwili ya mtu aliyevaa glavu mbilimbili na miwani inayoingia ukungu, na akijikwaa anaweza kuchana vazi lake. Wa tano ni mnyunyizaji, naye pia huvaa kinga kamili. Huyu hubeba pampu ya mgongoni yenye maji ya klorini, hutangulia kusafisha njia, hunyunyizia mwili na mfuko, kisha huwasafisha wenzake wakati wa kuvua. Mnyunyizaji hasaidii kubeba. Akiiacha pampu na kushika mwili, timu nzima inabaki bila mtu wa kuisafisha.

Msimamizi havai kinga wala haingii chumbani. Husimama mahali anapowaona wote, hufuata mpangilio wa hatua, huangalia saa na hutoa amri ya kusimama pakitokea kosa. Mtu aliye ndani ya vazi hawezi kujiona mwenyewe. Hajui kama ukosi umefunguka au kama glavu imeteleza na kuacha ngozi wazi. Ndiyo maana jicho la msimamizi ni sehemu ya kinga.

Halafu yupo mzungumzaji na familia, mmoja au wawili, asiyevaa kinga wala kugusa chochote. Huyu ndiye hufika mbele ya baba wa marehemu, shangazi, chefu wa mtaa na mchungaji, akatoa pole, akaeleza kitakachofanyika na kuuliza familia inataka nini. Mwongozo unahitaji pia kiongozi wa dini: padri, mchungaji, katekista au shehe. Kwa Waislamu, ambao ni wachache Beni na Butembo, utaratibu una sehemu yake: kuosha maiti kwa maji hubadilishwa kwa tayamamu, ambayo huweza kufanywa juu ya mfuko, na sanda pia huwekwa. Madereva hukamilisha kikosi, kwa kuwa magari yanayohitajika ni mawili: moja la watu na jingine la mwili.

Kumchagua mtu kwa nafasi

Nguvu za mwili ni sifa ya mbebaji, lakini utulivu hutangulia. Mtu mwenye haraka ni hatari ndani ya chumba kidogo chenye kitanda, magodoro na vyombo vilivyochafuka. Mnyunyizaji anatakiwa awe mtu wa hesabu na wa kurudiarudia jambo bila kuchoka. Msimamizi anahitaji sauti na ujasiri wa kumkatiza hata rafiki yake.

Nafasi iliyoleta mafunzo makubwa zaidi katika miji hii miwili ni ya mzungumzaji. Beni na Butembo ni miji ya Wanande kwa sehemu kubwa, na Kinande ndiyo lugha ya kilio nyumbani. Mgeni aliyeanza kwa Kifaransa au Kilingala alisikika kama mjumbe wa serikali ya mbali, katika eneo ambalo raia wake wamekuwa wakiuawa na waasi wa ADF na makundi mengine tangu 2014 na kuona hakuna anayewalinda. Mtu wa mtaa uleule, anayejulikana na nyumbakumi, alianza na mtaji wa kuaminiwa ambao mafunzo ya siku chache hayawezi kuuleta. Wanawake pia walihitajika katika timu, kwani familia nyingi haziko radhi mwili wa mama yao uandaliwe na wanaume pekee.

Vifaa na kazi zake

Vazi la kinga linajengwa kwa tabaka. Buti za mpira huvaliwa kwanza, halafu glavu nyembamba za ndani, vazi zima lenye kofia, barakoa, miwani au kioo cha uso, aproni isiyopitisha maji, na mwisho glavu nzito za nje. Lengo ni kwamba pasionekane ngozi hata kidogo. Lakini kila tabaka linaongeza joto. Butembo uko milimani na hewa yake ni ya baridi kidogo. Beni uko chini zaidi na jua lake la mchana humchosha upesi aliyevaa mpira na plastiki. Kwa hiyo muda wa kukaa ndani ya vazi kwa kawaida hauachwi upite saa moja, na maelewano yote na familia hukamilishwa kabla ya kuvaa.

Klorini huandaliwa kila siku kwa sababu nguvu yake hupungua ikikaa. Timu hubeba mchanganyiko wa aina mbili. Ule wa asilimia 0.5 ni wa mwili, mfuko, sakafu, buti na glavu. Ukitumia unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 70, ndoo ya lita 20 huhitaji gramu 140 hivi. Ule wa asilimia 0.05 ni wa mikono mitupu, nao huchukua sehemu moja ya kumi ya unga huo. Ndoo hizo lazima ziandikwe wazi. Zikibadilishana, mikono itaungua kwa dawa kali na maiti itasafishwa kwa dawa hafifu.

Mfuko wa maiti ni mzito, haupitishi maji na una vishikio vya kubebea. Pamoja nao huja sanduku pale familia inapolitaka, mifuko ya taka, kamba na vibandiko vya jina. Aliyefunzwa huchukua pia sampuli ya mate mdomoni mwa marehemu kwa kijiti cha pamba, kisha sampuli hupelekwa maabara. Majibu yakionyesha kwamba hakufa kwa Ebola, familia hupumua. Yakionyesha Ebola, waliomhudumia huanza kufuatiliwa kwa siku 21 na kupewa chanjo.

Uani

Timu iliyofunzwa vizuri haifiki nyumbani ikiwa imevaa. Hushuka garini kwa nguo za kawaida, sura zikionekana, na mzungumzaji hutangulia. Familia huulizwa nani atachimba kaburi, nani atabeba msalaba au kibao cha jina, nguo gani iwekwe sandukuni, na kama wanataka kupiga picha. Baada ya makubaliano ndipo wabebaji na mnyunyizaji huvaa, mbele ya macho ya watu, huku kila vazi likielezwa. Jirani aliyewaona wakiwa vijana wa kawaida dakika kumi zilizopita hawaoni tena kama mazimwi meupe yaliyotoka mahali pasipojulikana.

Ndani, mnyunyizaji hutangulia. Mwili hunyunyiziwa, sampuli huchukuliwa, mfuko hulazwa kando, na wabebaji wanne huinua kwa pamoja kwa neno la mmoja wao. Mfuko ukishafungwa hunyunyiziwa tena. Godoro na nguo zilizochafuka hushughulikiwa kwa ruhusa ya familia, na chumba husafishwa.

Hatari kubwa kuliko zote huja wakati kazi inaonekana imekwisha, yaani wakati wa kuvua. Sehemu ya nje ya vazi imechafuka, mtu amechoka, jasho linamwingia machoni na mkono unataka kufuta uso. Kila hatua hutanguliwa na kuosha glavu kwa klorini. Aproni na glavu za nje hutangulia kutoka. Vazi hufunuliwa kwa kuviringishwa kutoka ndani kwenda nje, polepole, bila kulikung'uta. Miwani na barakoa hushikwa kwa nyuma, macho yakiwa yamefumbwa na kichwa kimeinamishwa mbele. Glavu za ndani hutoka mwisho kabisa, kisha mikono huoshwa. Msimamizi hutaja kila hatua kwa sauti, na mwenye kuvua hafanyi ya pili kabla ya kusikia.

Vifaa vilivyobadilishwa na sauti za watu

Mlipuko wa 2018 ulionyesha kwamba kifaa kinaweza kuzuia virusi barabara na bado kikaiharibu kazi. Mfuko mweusi au mweupe uliofungwa uliwanyima ndugu kuona. Uvumi ukaenea kwamba viungo vya maiti vinaibwa, au kwamba sanduku limejazwa mawe. Watu wa Msalaba Mwekundu walikusanya maneno hayo mitaani na kuyachukua kama taarifa za kazi, wala hawakuyapuuza kama ujinga. Mifuko yenye sehemu inayoonyesha ndani ikaletwa, ili mama aone uso wa mwanawe kabla sanduku halijafunikwa. Mahali pengine ndugu walipewa mavazi ya kinga, wakasaidia kubeba chini ya uangalizi.

Siasa nayo iliongeza mzigo. Mwishoni mwa Desemba 2018 wapiga kura wa Beni na Butembo waliondolewa katika uchaguzi wa rais, Ebola ikitajwa miongoni mwa sababu, na siku hizohizo kituo cha kuwapokea wagonjwa mjini Beni kikavamiwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyefanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa Butembo kwa risasi. Timu za mazishi zilipigwa mawe tangu mapema: Oktoba 2018 wanaojitolea walijeruhiwa Butembo wakiwa kazini. Walinzi wenye silaha hawakuwa jibu rahisi, kwa sababu bunduki mazikoni huthibitisha hofu ambayo mzungumzaji amekuja kuiondoa, na Msalaba Mwekundu kwa kanuni yake hauegemei upande wowote.

Kwa vijiji ambavyo gari la timu halikuweza kufika, njia nyingine ilitumika: kuwafunza vijana wa palepale na kuwaachia vifaa vya msingi, ili wazike wenyewe kwa hatari iliyopunguzwa. Ugawaji wa kazi ulibaki uleule kwa udogo wake: wa kubeba, wa kunyunyiza, wa kusimamia na wa kuzungumza. Tofauti ilikuwa kwamba mzungumzaji hakuhitaji kujitambulisha.

Ebola ilirudi tena. Februari 2021 ilitokea katika eneo la Butembo na kuua watu 6 kati ya 12 waliougua. Oktoba mwaka huohuo ikatokea Beni, ikaua 9 kati ya 11. Na Agosti 2022 akapatikana mgonjwa mmoja Beni. Milipuko hiyo yote ilizimwa ndani ya miezi michache. Chanjo, dawa mpya na maabara za karibu zilichangia sana. Pamoja nazo, miji hiyo ilikuwa tayari na watu wanaojua nani hubeba, nani hunyunyiza, nani husimamia na nani huanza kwa kutoa pole.