Je, Wajua? Simu Janja na Kijana Wako

Sogea hapa, mzazi mwenzangu. Mwanao amefaulu, anaingia kidato cha kwanza, na ombi lake ni moja tu: simu ya tachi. Kabla hujakwenda dukani, pokea haya.

Je, wajua kwamba Steve Jobs, aliyeiuzia dunia iPhone na iPad, hakuwapa watoto wake iPad? Mwaka 2010 mwandishi wa New York Times alimuuliza kama wanaipenda. Akajibu kwamba hawajaitumia. Mwenye kiwanda huyo!

Na Bill Gates je? Watoto wake walisubiri mpaka miaka 14 ndipo wakapata simu, na mezani wakati wa kula simu zilipigwa marufuku. Wakalalamika kwamba wenzao wanazo tayari. Umeona? Hata kwa tajiri yule wimbo ni uleule unaouimbiwa wewe!

Unajua kwa nini mwanao akianza kuperuzi haachi? Mwaka 2006 Mmarekani Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho: unashuka, nao unajiongeza. Zamani ulifika chini, ukabofya kwenda ukurasa wa pili, na hapo katikati ukakumbuka kwamba vyombo havijaoshwa. Raskin mwenyewe amesema hadharani kwamba anajuta.

Kuna na huyu, Justin Rosenstein, mmoja wa waliobuni kitufe cha "Like" cha Facebook kilichozinduliwa mwaka 2009. Baadaye alimwomba msaidizi wake aifunge simu yake kwa udhibiti ule wanaowekewa watoto, asiweze kupakua programu. Mhandisi mzima, mtu mwenye ndevu! Sasa mfikirie binti wa miaka 13.

Shika namba hii: 237. Mwaka 2023 shirika la Common Sense Media lilifuatilia simu za vijana wapatao 200 wa Marekani, wenye miaka 11 hadi 17, na nusu yao walipokea arifa 237 au zaidi kwa siku. Gawanya kwa saa 24, usiku wa manane ukiwemo, upate karibu 10 kila saa.

Je, wajua umri wa miaka 13 wa kufungua akaunti mtandaoni ulitoka wapi? Si kwa daktari wala mwalimu. Ulitoka kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozuia kampuni kukusanya taarifa za mtoto chini ya umri huo bila idhini ya mzazi. Ulidhani walipima ubongo? Hapana, ni mambo ya taarifa tu!

Ulaya WhatsApp ilikuwa ya kuanzia miaka 16. Aprili 2024 ikashushwa hadi 13. Watoto ni walewale!

Australia wakaenda upande wa pili. Tangu tarehe 10 Desemba 2025, mwenye umri chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti ya TikTok, Instagram, Snapchat, Facebook wala YouTube. Faini inafika dola milioni 49.5 za Australia, na sikiliza utamu wake: halipi mtoto, halipi mzazi, inalipa kampuni.

China je? Tangu mwaka 2021, mwenye chini ya miaka 18 anaruhusiwa kucheza michezo ya mtandaoni saa 2 hadi saa 3 usiku, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili tu, pamoja na sikukuu. Saa 3 kwa wiki nzima! Korea Kusini nao waliwafungia michezo hiyo watoto wa chini ya miaka 16 kuanzia saa 6 usiku hadi alfajiri, wakadumu na sheria hiyo miaka 10, kisha wakaifuta.

Unajua TikTok huwawekea vijana wa chini ya miaka 18 kikomo cha dakika 60 kwa siku? Ipo tangu 2023. Ila dakika zikiisha, kijana wa miaka 13 na kuendelea huingiza nenosiri na kusonga mbele. Tena kikomo chenyewe humpata tu aliyetaja umri wake wa kweli.

Habari za shule sasa. Kufikia mwisho wa 2024, UNESCO ilihesabu mifumo ya elimu 79 duniani iliyopiga marufuku simu shuleni, yaani asilimia 40. Ufaransa ilipitisha sheria yake mwaka 2018. Na mwanafunzi akishtuliwa na simu darasani, UNESCO inasema huweza kumchukua hadi dakika 20 kuyarudia masomo kwa akili yote. Kipindi cha dakika 40 kimebaki nusu!

Utafiti uliochapishwa London mwaka 2015 ulipima shule 91 za Uingereza. Simu zilipozuiwa alama zilipanda, na waliopanda zaidi ni wale waliokuwa wakiburuza mkia. Lakini mwaka 2025 watafiti wa Birmingham walilinganisha shule 30, zenye marufuku na zisizo nayo, na furaha ya wanafunzi haikutofautiana. Huenda anayezuiwa mchana hujilipa usiku nyumbani, na nyumbani, rafiki yangu, mwalimu ni wewe.

Sasa kaa vizuri, maana hii nimeipenda kuliko zote. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford walichambua taarifa za vijana 355,358. Wakakuta teknolojia ya kidijiti inaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wa vijana. Kula viazi kulikaribiana nayo! Kuvaa miwani kulihusiana zaidi na ustawi duni kuliko skrini! Na kuonewa na wenzao kukazipita simu kwa mbali. Kwa hiyo binti akinuna, usikimbilie kunyang'anya simu. Muulize kwanza nani anamsumbua shuleni.

Usingizi ndio ninaoutetea kwa nguvu zote. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10, kila usiku. Simu ichajiwe sebuleni, hapo sibembelezi mtu.

Je, wajua shingo ikiinama nyuzi 60, kichwa cha kilo 5 huielemea kama kilo 27? Ni hesabu ya daktari mmoja wa New York, mwaka 2014. Jinyooshe, na wewe unayesoma!

Taiwan, tangu 2010, watoto wa shule hutolewa nje kwa lengo la dakika 120 kwa siku. Sababu? Macho! Mwanga wa jua husaidia kuzuia kutoona mbali, nao hauhitaji bando.

Chombo chenyewe ni maajabu, tusikidharau. Kompyuta iliyoongoza Apollo 11 mwezini mwaka 1969 ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 4 hivi. Simu ya gigabaiti 4 inayo mara milioni 1! Kwa hiyohiyo mwanao anaweza kusoma fizikia ya kidato chake kupitia tovuti ya masomo ya Shule Direct.

Betri nyingi za simu janja zina kobalti. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, na kitovu chake ni Kolwezi, mji wa wasema Kiswahili wenzetu. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria watoto 40,000 wakifanya kazi migodini kusini mwa nchi hiyo. Mwonyeshe kijana wako ramani. Watoto hao ni rika lake.

Je, wajua M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, miezi mitatu na ushei kabla ya iPhone kuingia madukani? Haikungoja skrini ya tachi. Ilitosha simu ya kitochi, ile mulika mwizi ya jirani zetu.

Na Eton, shule ya wanamfalme na mawaziri wakuu wa Uingereza? Septemba 2024 wavulana wapya wa miaka 13 walipewa simu ya Nokia isiyo na intaneti. Nami kwa kidato cha kwanza nasema hivyohivyo: kitochi kwanza.

Greystones, mji mdogo wa Ireland, wazazi wa shule 8 za msingi walikubaliana mwaka 2023: hakuna simu janja mpaka sekondari. Wote kwa pamoja! Jaribu na majirani watatu tu uone.

La mwisho, uende dukani. Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole, na ya aliye chini ya miaka 18 husajiliwa na mzazi au mlezi. Laini ya mwanao, kisheria, imesimama kwa kidole chako!