Mafua hayatibiwi kwa antibiotiki

MTOTO wako ameamka akipiga chafya, kamasi zamtiririka na mwili una joto. Ukielekea kazini unapitia duka la dawa mtaani na kuitisha amoksilini, kwa kuwa mwezi jana alimeza akapona. Je, wajua kwamba huenda umenunua dawa ya ugonjwa asiougua?

Mafua, influenza na COVID-19 huletwa na virusi. Antibiotiki huua bakteria, lakini virusi havidhuriki nazo. Mafua ya kawaida huisha yenyewe, aghalabu kwa siku saba hadi 10. Hata kamasi zikigeuka kijani, hiyo pekee si dalili ya bakteria.

Hata hivyo, hofu yako ina msingi. Virusi huharibu utando unaokinga njia ya hewa. Bakteria waliotulia puani na kooni hupata mwanya wa kuteremka mapafuni na kuleta nimonia. Utafiti uliochapishwa 2008, uliochunguza vipande vya mapafu ya waliofariki katika janga la influenza la 1918, ulionyesha kuwa wengi waliuawa na nimonia iliyofuata.

Lakini si kila mgonjwa hufikia hapo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza Aprili 2024 kwamba kati ya wagonjwa wa COVID-19 waliolazwa hospitalini, asilimia 8 pekee walikuwa na maambukizi ya bakteria yaliyohitaji antibiotiki. Ilhali takriban asilimia 75 walipewa dawa hizo.

Dawa ikitumiwa ovyo, bakteria huwa sugu. Siku nimonia itakapobisha hodi, tembe ulizozitegemea zitashindwa kazi.

Basi ufanye nini? Mnyweshe mtoto mara kwa mara, umpe dawa ya kupunguza joto kwa kipimo cha umri wake, na umchunguze. Mkimbize hospitalini ukiona:

• Anapumua mara 50 au zaidi kwa dakika (miezi miwili hadi 11), au mara 40 au zaidi (mwaka mmoja hadi mitano).

• Kifua kinabonyea anapovuta pumzi.

• Anakataa kunyonya au kunywa.

• Joto lililokuwa limeshuka limepanda tena.

Mtoto wa chini ya miezi miwili akiwa na joto au akipumua kwa shida, usingoje.

Daktari akikuandikia antibiotiki, tumia jinsi ulivyoelezwa. Usimgawie jirani wala usiweke akiba. Akisema hazihitajiki, usimnung'unikie. Hajakunyima dawa, amekuhifadhia ya siku utakapoihitaji.